Ruzuku, Mkopo na Makato

Hapa kwetu Bariadi, msimu wa kupanda pamba ukikaribia, neno linalosikika sana ni pembejeo, yaani mbegu, mbolea na dawa za wadudu. Wengi husema, "Serikali imetugawia bure." Mimi ni mwalimu wa hesabu, na nataka kuonyesha kwamba chini ya neno hilo "bure" mna mambo matatu mbalimbali.

La kwanza ni ruzuku. Hii ni fedha ya Serikali inayolipa sehemu ya bei. Mwaka 2008 ulianza mpango wa vocha za mahindi na mpunga: vocha ililipa kama nusu ya bei, na mkulima alitoa iliyobaki. Asiye na nusu yake, karatasi ile haikumfaa. Tena mwaka 2022, mfuko wa yurea wa kilo 50 ulipopita Shs. 120,000/-, ruzuku iliushusha hadi karibu Shs. 70,000/-.

La pili ni mkopo. Mkulima hupewa leo, hulipa akiuza. Deni ni lake, limeandikwa kwa jina lake, na halifutwi na jua wala mvua.

La tatu ni makato, nayo sisi watu wa pamba tumeyajua sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkulima alikuwa na kitabu. Kilo alizouza ziliandikwa humo, nazo zikampa haki ya kupata pembejeo za msimu uliofuata. Katika misimu mingine zilikatwa shilingi kadha kwa kila kilo ili kulipia mbegu na dawa.

Basi tufanye hesabu. Tuseme makato ni Shs. 100/- kwa kilo. Majirani wawili wamechukua mbegu na dawa sawasawa, kila mmoja kwa ekari mbili. Wa kwanza anauza kilo 800, wa pili kilo 200. Wa kwanza amelipa Shs. 80,000/-, wa pili Shs. 20,000/-, na pembejeo ni zile zile!

Je, ni haki? Wengine watasema mwenye bidii anamlipia mvivu. Lakini huenda yule wa pili mvua ilimkosa, naye kwa makato habaki na deni shingoni. Mimi naona makato yana wema wake, ila kwa sharti moja: anayelipa ajue kwamba analipa. Maana mbegu zikikataa kuota, au dawa ikifika wadudu wamekwisha kula vitumba, anayedhani alipewa zawadi atanyamaza, aone haya kulalamika. Lakini anayejua kwamba ametoa Shs. 80,000/- atasimama katika mkutano wa chama cha msingi na kuuliza kwa adabu fedha yake imenunua nini.

Enyi wanafunzi, wazazi wetu wamelima ili ninyi mjue kusoma na kuhesabu. Pembejeo zikija nyumbani, wasaidieni kuuliza maswali matatu: Nani analipa? Analipa lini? Imeandikwa wapi? Kisha zitunzeni stakabadhi zote mahali pamoja. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.