Rangi ya Nguo Majini: Chujio Lipi Hufaa?

Rangi ya nguo ikishayeyuka majini, kitambaa cha kuchujia hakiizuii, na kuchemsha maji hakuiondoi. Baadhi ya viwanda hutumia utando wenye vitundu vya takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Pampu husukuma majitaka kwenye utando. Maji hupenya, molekuli za rangi huzuiwa.

Hata hivyo, rangi iliyozuiwa haitoweki. Hubaki katika maji kidogo yaliyokolea, ambayo lazima yasafishwe zaidi kabla ya kumwagwa.

Mtumiaji, usinywe maji ya kisima yaliyobadilika rangi, hata yakichujwa yakang'aa: chumvi na kemikali nyingine hazionekani kwa macho. Toa taarifa kwa mamlaka ya maji. Ukitengeneza batiki nyumbani, usimwage mabaki ya rangi karibu na kisima wala mtoni.