Dondoo muhimu: Mtoto mchanga na joto la kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na joto la Dar es Salaam kupita nyuzi 30, bado utamkuta mtoto mchanga kavishwa sweta, soksi na kofia ya sufu. Bibi kaagiza, nani abishe?

Kumjua mtoto aliyezidiwa na joto, ashikwe shingo na kifua, viganja vyake hudanganya. Shingo ikilowa jasho, nguo zipunguzwe: nepi na fulana nyepesi ya pamba zinamtosha. Harara hupenda mikunjo ya shingo na makwapa. Dawa yake ni kuogeshwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa vizuri, si poda, ambayo vumbi lake huingia mapafuni.

Na maji ya kunywa? Chini ya miezi 6, hapana. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha, hivyo anyonyeshwe mara nyingi zaidi.

Akibebwa, uso usifunikwe kwa khanga. Usiku madirisha yafunguliwe, ila chandarua kibaki.

Nepi ikikaa kavu kwa saa 6, utosi ukibonyea, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, apelekwe zahanati saa hiyohiyo.