MADA YA NYONGEZA: WIMBO MMOJA, WAIMBAJI WENGI
(Fasihi Simulizi: Nyimbo na Mabadiliko Yake)

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa uweze:
(i) Kueleza maana ya kurudia wimbo.
(ii) Kubainisha mambo yanayobaki na yanayobadilika wimbo unaporudiwa.
(iii) Kutumia mifano ya nyimbo halisi kujibu swali la insha.
(iv) Kueleza umuhimu wa kumtambua mtunzi.

Utangulizi

Kila mtahiniwa hukariri kwamba fasihi simulizi hubadilika kulingana na wakati na mazingira. Sentensi hiyo ni sahihi, lakini ikiachwa peke yake haina uzito. Msahihishaji ataisoma katika mamia ya karatasi. Anachokitafuta ni uthibitisho: ni kazi gani iliyobadilika, ilibadilika wapi, na mabadiliko hayo yalileta nini?

Njia rahisi ya kupata uthibitisho huo ni kuchukua wimbo ambao umeimbwa na wasanii kadhaa, kila mmoja kwa namna yake, na kuulinganisha. Mfano wa kwanza unao tayari, kwani unauimba ukiwa umesimama mstarini shuleni.

Maana ya kurudia wimbo

Kurudia wimbo ni kitendo cha msanii kuuimba upya wimbo uliokwisha kuimbwa na mwingine, kwa sauti yake, ala zake na hadhira yake. Vijana siku hizi huita kazi ya namna hiyo "kava". Kurudia si kunakili. Anayenakili hufuata kila kitu kama kilivyokuwa, lakini anayerudia vizuri huacha kitu kimoja kikae mahali pake ili wimbo utambulike, kisha hubadilisha kingine ili uwe na jambo jipya la kusema.

Kwa hiyo, mbele ya wimbo wowote uliorudiwa, jiulize maswali mawili:
1. Kimebaki nini?
2. Kimebadilika nini, na kwa nini?

Vitu vya kuchunguza ni vitano: maneno, lahani (yaani mwendo wa sauti), ala, fanani na hadhira. Ukivikumbuka hivyo, hutakosa la kuandika.

Mfano wa kwanza: Lahani inabaki, maneno yanabadilika

Wimbo wa taifa letu, *Mungu Ibariki Afrika*, una asili yake Afrika Kusini. Lahani yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Ulikuwa wimbo wa sala kwa lugha ya Kixhosa, *Nkosi Sikelel' iAfrika*. Baadaye ulitoka kwa wanafunzi na makanisa ukaingia katika mikutano ya harakati za ukombozi.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lahani hiyo ilivikwa maneno ya Kiswahili na kuwa wimbo wa taifa. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964 iliichukua lahani hiyohiyo, lakini maneno yake yakawa mengine, ya kuisifu Zambia yenyewe. Zimbabwe na Namibia nazo ziliutumia wimbo huo kwa muda kabla ya kutunga nyimbo zao. Afrika Kusini, mwaka 1997, iliuunganisha na wimbo wa taifa wa zamani ukawa wimbo mmoja wenye lugha kadhaa ndani yake.

Mtahiniwa wa Kaoze au wa Sumbawanga mjini hahitaji kwenda mbali kuthibitisha jambo hili. Ukitoka Sumbawanga, ukapita Matai hadi mpaka wa Kasesya, upande wa pili ni Zambia, na njia inaendelea hadi mji wa Mbala. Mwanafunzi wa Mbala akisimama mstarini huimba lahani ileile unayoiimba wewe, ila kwa maneno mengine. Mkiiimba pamoja bila maneno, hakuna atakayejua nani ametoka wapi. Mkifungua vinywa, kila mmoja anataja nchi yake.

*Zingatia:* Hapa lahani ndiyo iliyobaki. Maneno, lugha na hadhira vimebadilika, na dhima imetoka kwenye sala ya kanisani hadi kwenye kiapo cha taifa.

Mfano wa pili: Maneno yanabaki, ala na fanani vinabadilika

*Malaika* ni wimbo wa mapenzi. Anayesema ndani yake ni kijana anayempenda msichana, lakini hana mali ya kumwezesha kuoa. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa magitaa na mwendo wa taratibu, na hapo ndipo ulipoanza kusikika sana Afrika Mashariki.

Baada yake waliufuata wengi. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte wa Marekani katika albamu yao ya mwaka 1965, albamu iliyopata tuzo ya Grammy mwaka 1966. Makeba aliuimba pia peke yake katika majukwaa ya nchi nyingi. Mwaka 1981 kundi la Boney M., lenye makao yake Ujerumani, liliurekodi kwa vyombo na mitambo ya muziki wa disko. Angelique Kidjo wa Benin aliuweka katika albamu yake *Logozo* ya mwaka 1991.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyezaliwa katika Kiswahili, lakini wote waliuimba kwa Kiswahili. Maneno yalibaki. Kilichobadilika ni ala, mwendo, hadhira na, muhimu zaidi, fanani.

Tazama jambo hili kwa makini, maana hapo ndipo penye alama. Katika Kiswahili mwanamume *huoa*, mwanamke *huolewa*. Kitenzi kilichomo katika wimbo huo ni cha kuoa. Fadhili William akikiimba, tunamsikia kijana akijieleza. Makeba au Kidjo akikiimba, maneno ni ya mwanamume lakini sauti ni ya mwanamke. Msikilizaji anaweza kumwona mwanamke huyo kama msimulizi wa shida za kijana fulani, au kama yule msichana mwenyewe akiyakumbuka maneno aliyoambiwa. Wimbo haujaongezwa neno, ila umeongezwa maana. Mabadiliko ya fanani peke yake yametosha kubadilisha maudhui.

Mfano wa tatu: Kiini kinabaki, mtindo unabadilika

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, msanii kutoka Kagera, alivuma na wimbo *Maria Salome*. Ulikuwa na ladha ya ngoma za Kihaya, na ulipigwa kwenye redio, kwenye mabasi na harusini nchi nzima, hata na wasiojua Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa *Salome*, wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida Karoli. Jina na vionjo vya lahani vilibaki, lakini mashairi mengi yalikuwa mapya, mdundo ukawa wa Bongo Fleva, na hadhira ikawa vijana ambao wengi wao walikuwa wachanga au hawajazaliwa wimbo wa kwanza ulipotoka.

Hapa tunajifunza kwamba wimbo uliorudiwa huunganisha vizazi. Mama na binti wanaweza kuucheza wimbo mmoja katika harusi moja, kila mmoja akiwa na toleo lake kichwani.

Mfano wa nyongeza: Taarabu

Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi sahani za santuri huko Bombay, India, mwaka 1928. Nyimbo zake hazikuishia kwenye sahani hizo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuziimba kwa miongo mingi, kwa sauti nzito iliyotofautiana na ya mtangulizi wake. Mfano huu unafaa sana katika swali la uhifadhi: santuri ilihifadhi sauti ya Siti, na kinywa cha Bi Kidude kikahifadhi uhai wa nyimbo.

Suala la mtunzi

Tunafundishwa kwamba fasihi simulizi ni mali ya jamii. Kwa wimbo wa kupura ulezi au wa kubembelezea mtoto, kauli hiyo haina ubishi. Lakini wimbo ukiingia studio huingia pia katika biashara, na swali la nani aliutunga huwa swali la nani alipwe.

*Malaika* ni mfano mchungu. Fadhili William alijulikana kama mwenye wimbo. Hata hivyo Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga katika miaka ya 1940. Wimbo ulikuwa umeimbwa kwa mdomo kabla ya kurekodiwa, na kwa muda huo hapakuwa na karatasi iliyoandikwa jina. Dunia nzima ikauimba, huku ubishi wa mtunzi ukiendelea.

Kwa sababu kama hizo, Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na leo msanii anaweza kusajili kazi yake katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kurudia wimbo si kosa. Kosa ni kurudia bila ruhusa na bila kumtaja mwenyewe.

Muhtasari

- *Mungu Ibariki Afrika*: kilichobaki ni lahani, kilichobadilika ni maneno, lugha, hadhira na dhima.
- *Malaika*: kilichobaki ni maneno; kilichobadilika ni ala, mwendo, fanani na hadhira.
- *Maria Salome* na *Salome*: kilichobaki ni jina na vionjo vya lahani; kilichobadilika ni mashairi, mdundo na hadhira.

Swali la mfano

Kurudiwa kwa wimbo hakuufanyi kuwa nakala ya wimbo wa kwanza. Thibitisha kauli hii kwa kutumia nyimbo tatu.

Jinsi ya kujibu

*Utangulizi:* Eleza maana ya wimbo na ya kurudia wimbo kwa sentensi mbili au tatu, kisha onesha msimamo wako. Usiandike historia ndefu ya fasihi simulizi.

*Kiini:* Tumia aya moja kwa kila wimbo. Anza kila aya na hoja, si na jina la msanii. Aya ya mfano:

Mabadiliko ya fanani huweza kubadilisha maana ya wimbo hata kama maneno hayakuguswa. Katika wimbo wa *Malaika*, anayesema ni kijana wa kiume asiye na mali ya kuolea. Fadhili William alipouimba, sauti na maneno vilikuwa vya mtu mmoja. Miriam Makeba alipouimba peke yake, maneno ya kiume yalitoka katika kinywa cha mwanamke, na msikilizaji akapata nafasi ya kuyatazama mapenzi hayo kwa upande wa msichana. Hivyo, toleo la Makeba si nakala, kwani limeongeza maana ambayo haikuwamo katika toleo la awali.

Ona muundo wa aya hiyo: hoja, mfano, ufafanuzi, na kurudi kwenye swali. Fanya hivyo mara tatu.

*Hitimisho:* Rejea msimamo wako kwa maneno mengine. Unaweza kuongeza kwamba mabadiliko hayo ndiyo yanayoufanya wimbo uishi. Usilete hoja mpya.

Makosa ya kuepuka

1. Kuorodhesha majina ya wasanii bila kusema kila mmoja alibadilisha nini.
2. Kusema toleo moja ni zuri kuliko jingine bila kutoa sababu. Mhakiki hutoa sababu.
3. Kutumia nyimbo hizi pale swali linapotaka diwani ulizosoma darasani. Soma maelekezo ya swali mara mbili.
4. Kuandika mashairi ya wimbo mzima ili kujaza ukurasa. Eleza maudhui kwa maneno yako.

Zoezi

1. Taja vitu vitano vinavyochunguzwa wimbo unaporudiwa, na ueleze kimoja kwa mfano.
2. Kwa nini *Mungu Ibariki Afrika* na wimbo wa taifa wa Zambia huchukuliwa kuwa na asili moja? Eleza tofauti mbili kati yake.
3. Fasihi simulizi ni mali ya jamii. Jadili ubora na udhaifu wa kauli hii kwa kutumia wimbo wa *Malaika*.
4. Kazi ya nje: Mwombe bibi, babu au mzee wa kijijini kwako akuimbie wimbo mmoja wa Kifipa, uwe wa kazi, wa harusi au wa kubembeleza mtoto. Kisha msikilize kijana au mwanakwaya akiuimba wimbo huohuo. Andika kilichobaki na kilichobadilika. Andika pia jina la aliyekuimbia na tarehe, kwa ruhusa yake. Pengine hakuna mwingine aliyewahi kuliandika jina hilo.