Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Mwezi huu twajifunza habari za ugonjwa usioonekana kila siku. Usipotibiwa huua upesi. Ukitibiwa mapema, watoto wengi hupona. Ni uvimbe wa taya, uitwao uvimbe wa Burkitt, nao ni aina ya saratani.

1. Jinsi ulivyojulikana. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mvulana aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baada ya muda kidogo aliona msichana huko Jinja mwenye uvimbe kama huo, na tumbo lake pia limevimba. Ndipo alipotambua kwamba haya si maradhi mawili, bali ni moja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakipita Tanganyika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huu hukaa katika nchi za joto na mvua, wala si katika nchi za juu zenye baridi.

2. Asili yake. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi katika chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho wanacho watu wengi bila kudhurika. Lakini mtoto apatwaye na malaria mara kwa mara, nguvu za mwili wake za kukizuia hupungua. Basi si uchawi, wala si ugonjwa wa kuambukizana nyumbani. Na chandarua ni kinga ya malaria.

3. Kwetu Songwe. Tunduma ni mji wa nyanda za juu, bali Kamsamba, katika bonde la Rukwa, ni nchi ya chini yenye joto. Lakini mtu asiseme, "Sisi wa baridi hautuhusu." Tunduma ni mji wa mpakani, watu hupanda na kushuka pamoja na watoto wao.

4. Dalili. Taya huvimba, meno hulegea, pengine jicho hutokeza au tumbo hujaa. Wengi hudhani ni jino bovu, wakaling'oa na kungoja. Kungoja huko ndiko kuuako, kwa maana chembe za uvimbe huu zaweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili.

5. Matibabu. Si kila uvimbe wa taya ni huu. Upo wa usaha, na wa namna nyingine. Daktari hukata kipande kidogo, kikatazamwa kwa hadubini. Ukiwa ndio, kisu peke yake hakiponyi. Dawa hutiwa mshipani, pengine na katika maji ya uti wa mgongo, kwa zamu nyingi. Uvimbe hunywea upesi, na hapo wazazi hushawishika kurudi nyumbani. Lakini zamu zisipotimizwa, ugonjwa hurudi.

Basi yatupasa kumpeleka mtoto zahanati siku ile ile, na kuomba barua ya rufaa kwenda Mbeya. Muhimbili, Dar es Salaam, iko wodi ya watoto wenye saratani. Jirani asaidie nauli, na mwingine awatunze watoto waliobaki, ili mama asikatize dawa.

Maswali: Kwa nini kung'oa jino hakutoshi? Kwa nini zamu zote zitimizwe? Katika mtaa wetu, ni nani atakayemsindikiza mama wa namna hii?