Majani ya Mkungu katika Tangi la Samaki

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, mkungu hujulikana zaidi kwa kivuli chake na kwa kungu zake. Majani yake hugeuka mekundu, huanguka, kisha hufagiliwa. Lakini huko Thailand na katika nchi jirani zake, wafugaji wa samaki wa mapambo huyaokota, huyakausha na kuyatia katika matangi ya kioo. Baada ya siku chache maji huwa na rangi ya chai. Je, samaki hupata faida gani?

Jani lilowapo majini hutoa tanini, ambayo ndiyo pia huipa chai ya rangi ukakasi wake, pamoja na asidi nyingine za mimea. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vitu vitokavyo katika majani ya mkungu huweza kuzuia ukuaji wa aina kadhaa za bakteria. Asidi hizo pia huweza kushusha pH ya maji. Hali ya namna hiyo hupatikana kimaumbile katika mto Rio Negro wa Amerika ya Kusini, ambao maji yake hutiwa weusi na mimea iozayo msituni. pH yake ni karibu 5, na samaki wake wameizoea.

Hata hivyo, jani peke yake haliamui matokeo. Maji yenye bikabonati nyingi hudhoofisha asidi, na pH yake hushuka kidogo tu. Maji ya Ziwa Tanganyika, kwa mfano, yana pH karibu 9, na samaki wake wengi, walio jamii moja na perege, huhitaji maji ya namna hiyo. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10. Kwa hiyo kati ya 5 na 9 pana tofauti ya mara 10,000. Kinachomfaa samaki wa mto ule chaweza kumdhuru samaki wa ziwa hili.

Jambo hili laweza kuthibitishwa darasani. Chukua chupa mbili za maji ya mvua. Katika moja tia maganda ya kombe yaliyopondwa, na uyaache kwa siku mbili. Pima pH ya kila chupa kwa karatasi ya kupimia, kisha tia jani moja kavu katika kila moja. Pima tena baada ya siku 7. Maji yote yatakuwa na rangi ya chai, lakini pH itakuwa ya chini zaidi katika chupa isiyo na maganda. Rangi, basi, si kipimo cha asidi.

Yafaa kutumia majani yaliyoanguka yenyewe, kwani kabla ya kuyaangusha mti huondoa sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Majani mabichi huoza upesi, na bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ambayo samaki huihitaji. Samaki wakionekana kuhemea juu ya maji, majani yaondolewe mara moja na sehemu ya maji ibadilishwe. Mfugaji mwangalifu huanza kwa kupima maji, ndipo aokote jani.