TUYAJUE MATUNDU YA USB KATIKA KOMPYUTA YA KUUNGANISHA



Wanafunzi wapendwa pamoja na wazazi wetu, somo letu linahusu kompyuta ya mezani ya kuunganisha, yaani ile ambayo fundi hununua vipande vyake kimoja kimoja na kuvikusanya ndani ya kasha. Kasha hilo wengi wetu hulitaja kwa jina la CPU. Uzuri wa kompyuta hii ni kwamba kipande kikiharibika hubadilishwa peke yake. Hatari yake ni kwamba aliyeunganisha ni binadamu, naye anaweza kukosea waya.

Flashi inayosafiri kwa basi kutoka Iringa hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kupitia Mafinga na Makambako, huenda imebeba matokeo ya mitihani ya madrasa nzima, au sauti ya babu aliyekwisha kufariki, na hakuna nakala nyingine. Ikichomekwa kwenye tundu lililoungwa vibaya inaweza kuungua papo hapo. Aliyekukabidhi flashi hiyo amekupa amana. Basi kabla ya kuichomeka, jua tundu lako limeungwa na nini.

1. USB ni nini?

Zamani kibodi, kipanya na printa kila kimoja kilikuwa na tundu la umbo lake. Mwaka 1996 ulitolewa mfumo wa USB ili tundu la aina moja litumike kwa vifaa vingi. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2000, na kasi yake ya juu ni megabiti 480 kwa sekunde. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2008, nalo hufika gigabiti 5 kwa sekunde. Yote mawili hutoa umeme wa volti 5, lakini la 2.0 hutoa hadi miliampea 500 na la 3.0 hadi 900. Mara nyingi tundu la 3.0 huwa na rangi ya buluu ndani, ingawa watengenezaji hawalazimiki kufuata rangi hiyo.

2. Tofauti ya nyuma na mbele

Matundu ya nyuma hutengenezwa kiwandani pamoja na ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Matundu ya mbele ni ya kasha, na huletwa kwenye ubao kwa waya. Hapo ndipo makosa hutokea.

Kituo cha USB 2.0 kwenye ubao kina pini 9 katika safu mbili, 5 na 4, na kinahudumia matundu mawili. Nafasi isiyo na pini huzuia plagi kuingia kinyume. Lakini makasha mengine ya zamani yana waya zilizoachana, kila moja na kichwa chake. Kwa kawaida nyekundu ni umeme, nyeupe na kijani ni za taarifa, na nyeusi ni ya kurudishia umeme. Usitegemee rangi peke yake. Soma maandishi yaliyo kwenye kichwa cha waya na kitabu cha ubao. Nyekundu na nyeusi zikibadilishana, flashi hupata umeme kinyume. Pia baadhi ya mbao za zamani zina kituo kinachofanana na hiki, kilichoandikwa 1394, ambacho huweza kutoa volti 12. Usichomeke waya wa USB hapo.

3. Namna ya kuchora ramani

(a) Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme ukutani. Kuzima tu hakutoshi, maana ubao huendelea kupata umeme kidogo.
(b) Fungua kasha, gusa chuma chake, kisha fuata kila waya wa mbele hadi kituo chake.
(c) Chora matundu yote kwenye karatasi, uyape namba: N1, N2 kwa nyuma, M1, M2 kwa mbele.
(d) Funga kasha, washa, kisha jaribu kila tundu kwa kipanya cha zamani. Likitoa joto au harufu, zima mara moja.
(e) Katika Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika devmgmt.msc. Panga orodha ya vifaa kwa namna vilivyounganishwa. Utaona matundu gani yanatumia kidhibiti kimoja. Hayo ni kama nyumba mbili zinazochota maji katika bomba moja: zote zikifungulia, kila moja hupata kidogo.

Bandika karatasi hiyo ubavuni mwa kasha.

4. Mpangilio

Unapowasha, ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza Del au F2, kutegemea ubao. Hakikisha USB imeruhusiwa, na kwamba kibodi ya USB inakubaliwa kabla Windows haijaanza. Kama kifaa kinapotea kila baada ya muda, tazama mpangilio wa umeme wa Windows na uzuie USB isilazwe.

Kisha gawa kazi. Kibodi na kipanya viweke kwenye 2.0 za nyuma, kwani havihitaji kasi. Diski ya kuhifadhia nakala iweke kwenye 3.0 ya nyuma. Flashi za wageni zipewe tundu moja la mbele lililokwisha kujaribiwa, zikaguliwe virusi kwanza, kisha zinakiliwe. Tundu bovu lizibe kwa gundi ya karatasi na uandike "BOVU", ili mdogo wako asiliguse.

ZOEZI

1. Kwa nini hatujaribu tundu jipya kwa flashi ya mtu?
2. Taja tofauti mbili za USB 2.0 na 3.0.
3. Chora ramani ya kompyuta ya nyumbani au ya madrasa, umwonyeshe mwalimu.