Ukiishiwa Pumzi, Imba: Vidokezo kwa Wenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu

Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na safari yoyote huko ni ama kupanda ama kushuka. Kwa aliyechoshwa mapafu na moshi wa kuni, sigara, au TB iliyopona ikaacha makovu, kufika sokoni tu ni kazi. Wimbo hautibu, na dawa za daktari ziendelee. Ila kuimba ni mazoezi mazuri ya kutoa pumzi.

1. Anza kwa kutoa. Wengi hudhani shida ni hewa kutoingia. Mara nyingi shida ni ya zamani kugoma kutoka: mirija imebana, mapafu yamebaki yamejaa, mpya haina pa kukaa. Vuta kwa pua, tumbo litokeze, mabega yatulie. Kisha toa polepole, midomo umeibana kama unapuliza uji wa moto. Ukizoea, tia sauti: "muuu" moja ndefu, halafu ubeti mzima.

2. Imba unachokijua. Wimbo wa kwaya ya usharika, kaswida, ngoma ya mdumange ya Wasambaa, vyote vinafaa. Uganda, watafiti waliwahoji wagonjwa na watumishi wa afya kuhusu muziki na ngoma katika kutunza mapafu, wakachapisha matokeo mwaka 2021 katika jarida la BMJ Open. Waliohojiwa waliliona wazo hilo linafaa na linaendana na maisha yao. Sishangai, nani wa huku afundishwe kupenda ngoma?

3. Shusha sauti. Za juu waachie vijana.

4. Panda mlima kwa mapigo. Vuta kwa hatua mbili, toa kwa nne, wimbo ukiwa kichwani tu. Uwe wa taratibu. Bongo Fleva ya kasi itakukimbiza, nawe utaishia kuketi juu ya jiwe.

5. Tarumbeta, muulize daktari kwanza. Bendi za makanisa ya Kilutheri milimani zinavutia, lakini kupuliza shaba kunataka nguvu nyingi kifuani.

6. Kimbia moshi na baridi. Usifanyie mazoezi jikoni kwenye mafiga yanayofuka. Miezi ya Juni hadi Agosti subiri ukungu uondoke, jua litoke, ndipo uimbe. Hewa baridi huamsha kikohozi.

7. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi? Kapime makohozi kabla ya kurudi kwaya. Waimbaji husimama bega kwa bega, na TB husafiri kwa hewa.

8. Jua pa kuachia. Ukipata kizunguzungu, keti. Kifua kikiuma, midomo ikigeuka rangi ya bluu au ukikohoa damu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na kama umeandikiwa pampu ya kuvuta, ikae mfukoni mwako ndani ya joho la kwaya. Usiiache nyumbani kabatini.